Sanamu ya Askari ya Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara: kutoka kwa wanafunzi wenye kazi ya likizo, wageni wanaoteremka kwenye mabasi, na zaidi ya wote, watu waliosikia nyumbani kwamba babu au babu wa babu "alikwenda vitani na Wazungu". Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yenye kona. Jibu likihitaji habari iliyo kwenye swali jingine, tumeelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Sanamu hii ni ya kumkumbuka nani?

Ni ukumbusho wa Waafrika waliopigana na waliofanya kazi upande wa Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki, kuanzia 1914 hadi 1918. Waliokusudiwa ni askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya, pamoja na wapagazi waliobeba vyakula, risasi na majeruhi, na wengine wote waliotumika na kufa katika vita hivyo. Si sanamu ya mtu mmoja, na sura zake si za mtu yeyote anayejulikana. Ni askari na mpagazi kwa ujumla wao.

Wengi hudhani ni ya kupigania uhuru, au ni ya Mau Mau. Siyo. Iliwekwa na serikali ya kikoloni, miaka mingi kabla ya Mau Mau.

Iko wapi, na nafikaje?

Iko kisiwani, kando ya barabara ya Jomo Kenyatta, upande wa Mwembe Tayari. Ukitoka Makupa kuingia mjini unaipita. Mwambie kondakta wa matatu akushushe Mwembe Tayari, au chukua tuktuk. Hakuna kiingilio wala geti. Nenda asubuhi mapema, kabla barabara haijajaa mabasi ya masafa na mikokoteni. Saa za mchana utatumia muda mwingi kukwepa watu kuliko kusoma maandishi.

Iliwekwa lini, na nani aliichonga?

Mwaka unaotajwa zaidi ni 1927, miaka tisa baada ya vita kwisha. Mchongaji ni Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezaliwa 1881 na kufariki 1937, ambaye alizoea kutia saini kazi zake kwa jina la Myrander. Sanamu hii na ndugu zake za Nairobi na Dar es Salaam zilitengenezwa Uingereza kwa shaba nyeusi, zikaletwa kwa meli. Ile ya Dar es Salaam ilionyeshwa kwanza London, kwenye Royal Academy, kabla haijasafirishwa, na ilisifiwa sana.

Umahiri wa mchongaji unaonekana, na mtu asikubeze ukisema unapenda kazi yenyewe. Tazama namna mavazi yanavyokaa mwilini na namna miguu inavyokanyaga. Haya ni maumbo ya watu waliotembea.

Maandishi yake yanasema nini?

Yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Ujumbe wake ni kwamba huu ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa watu wengine wote waliomtumikia mfalme na nchi wakafa katika Afrika ya Mashariki kwenye Vita Kuu. Kisha yanamalizia kwa ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi Mwingereza aliyekuwa mshauri wa lugha wa tume iliyosimamia makaburi ya vita. Yeye mwenyewe alipoteza mwanawe wa kiume, John, huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na mwili wake haukutambuliwa enzi za uhai wa baba yake. Kwa hiyo alijua uchungu wa kutokuwa na kaburi la kuzuru. Ila ile ahadi ya jina ina walakini mkubwa, na tunaufikia kwenye swali la "Mbona hakuna hata jina moja?"

Mbona nimeona sanamu kama hii Nairobi na Dar es Salaam?

Kwa sababu ni ndugu. Zilipangwa tatu kwa pamoja: Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, zote kazi ya Stevenson, zote na maneno ya Kipling. Ya Nairobi iko Kenyatta Avenue na ina watu watatu. Ya Dar es Salaam ina askari mmoja, bunduki yake ina singe na imeelekezwa upande wa bandari, naye amesimama katikati ya mzunguko wa Samora.

Ile ya Dar ina kisa cha ziada. Mahali pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiangusha, na baadaye askari wa Kiafrika akapandishwa hapo hapo.

Mapembe ya ndovu ya Moi Avenue na mizinga ya Ngomeni, je, navyo ni ukumbusho wa vita?

Mapembe, hapana. Yalisimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Hayahusiani na vita vyovyote.

Mizinga, ndiyo, kwa njia yake. Nje ya Fort Jesus kuna mzinga uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg na mwingine wa manowari ya Kiingereza Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo, ikaizamisha. Baadaye Königsberg nayo ikabanwa kwenye mdomo wa mto Rufiji, na Julai 1915 mabaharia wake wenyewe wakaimaliza baada ya kupigwa vibaya. Wajerumani hawakuiacha mizinga yake majini. Waliiopoa, wakaifungia magurudumu na kuikokota nchi kavu kwa miaka. Leo adui wawili wale wamewekwa jirani, na watoto wa shule wanawapanda kupigia picha.

## Vita vyenyewe

Vita vya Wazungu vilifikaje huku kwetu?

Kwa sababu mpaka ulikuwa karibu. Tanganyika ilikuwa ya Wajerumani, Kenya na Uganda za Waingereza, na reli ya Uganda, iliyoanzia hapa Mombasa, ilipita si mbali na mpaka huo. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, Wajerumani waliingia Taveta mwezi huo huo. Shabaha yao kubwa ilikuwa reli: ukiikata, umeikata Nairobi na bahari.

Mombasa yenyewe ilitishwa. Mwezi wa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 1914 kikosi cha Kijerumani kilipanda kwa njia ya pwani kutokea upande wa Vanga, kikafika Gazi, ambako leo watu huenda kutazama mikoko. Hapo kikazuiwa na Keya, askari wa Kihindi na wale Waarabu wa Wavell tunaowaeleza kwenye swali linalofuata. Laiti Gazi ingeachwa wazi, kilichobaki ni mwendo wa siku chache tu hadi Likoni.

Mwezi uliofuata, Novemba, jeshi kubwa lililotoka Bombay lilijaribu kuiteka Tanga, likashindwa vibaya, likarudi kwa meli hadi Mombasa na majeruhi wake. Kuanzia hapo mji huu ukawa lango la vita. Askari, nyumbu, magunia ya unga na risasi vilishukia hapa. Mwaka 1915 reli ya tawi ikaanza kujengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na Februari 1916 Jan Smuts kutoka Afrika Kusini akachukua uongozi wa jeshi la Waingereza. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwazungusha hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Alisalimu amri Abercorn, ambako sasa ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya.

Arab Rifles walikuwa nani?

Kilikuwa kikosi kidogo kilichoandikishwa hapa Mombasa mwaka 1914 na Arthur Wavell, Mwingereza aliyekuwa na shamba la mkonge pwani, aliyejua Kiarabu na ambaye miaka michache kabla aliwahi kwenda Makka kwa kujificha, akijifanya Muislamu kutoka Unguja. Wengi wa watu wake walikuwa Wahadhrami, baadhi yao wachuuzi wa maji na vibarua wa mjini, watu ambao jana yake walikuwa wakipita na mapipa mitaa ya Mji wa Kale.

Walipigana Majoreni na Gazi, kusini mwa kisiwa. Wavell aliuawa Mwele Mdogo, huko Kwale, Januari 1916, pamoja na idadi ya askari wake. Yeye ana ukumbusho wake wenye jina lake karibu na Fort Jesus. Weka jambo hili kichwani ukifika kwenye sehemu ya majina.

Wapagazi walikuwa nani hasa, na walikufa wangapi?

Hili ndilo swali zito kuliko yote ya ukurasa huu. Ukiitazama sanamu kwa mbali, jicho linakwenda kwa mwenye bunduki. Lakini vita vya Afrika Mashariki vilibebwa kichwani.

Sababu ni mbung'o. Ng'ombe, nyumbu na farasi walikufa kwa maelfu kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbung'o, malori yalikuwa machache na barabara hazikuwapo, na masika yakiingia hata hayo machache yanazama matopeni. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, siku baada ya siku. Na kwa kuwa naye lazima ale, kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali na reli ndivyo wapagazi walivyohitajika kuwabebea chakula wapagazi wenzao. Hesabu hiyo haina mwisho mzuri.

Idara iliyowasimamia iliitwa Carrier Corps, na kuanzia 1916 Military Labour Bureau, chini ya Oscar Watkins. Walitoka kila upande: Ukambani, Nyanza, Kikuyu, Pwani, Uganda, na kutoka Tanganyika yenyewe kadiri Waingereza walivyosonga mbele. Jumla yao inahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Takwimu za serikali ya wakati ule zilikubali vifo zaidi ya 40,000. Watafiti waliopitia nyaraka baadaye wanaweka waliokufa upande wa Waingereza karibu na 100,000. Tofauti hiyo kubwa ni ushahidi wa jinsi daftari lilivyotunzwa.

Wachache waliuawa kwa risasi. Wengine wote waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Kuhara kulitokana kwa sehemu kubwa na posho: unga wa mahindi uliokobolewa vibaya, ukapikwa haraka kwa kukosa sufuria, kuni au wakati, ukaliwa ukiwa nusu mbichi. Waliozoea ndizi, kama wengi waliotoka Uganda, matumbo yao hayakustahimili kabisa. Mtu alitolewa nyanda za juu zenye baridi, akapewa blanketi moja, akatembezwa bonde la Rufiji wakati wa mafuriko. Mwenye kusema hawa "hawakuwa askari" atafute neno lingine la kazi hiyo.

Walijitolea au walilazimishwa?

Yote mawili, lakini kulazimishwa kulizidi. Mwanzoni wapo waliokwenda kwa hiari, wakifuata mshahara. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuruhusu kuchukua watu kwa nguvu, na mwaka 1917, jeshi lilipoishiwa, ofisa wa kikoloni John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya wapagazi nchi nzima kupitia machifu. Huo ndio mwaka unaokumbukwa vijijini kwa watu kuvamiwa usiku na kufungwa kamba.

Pwani ilikuwa imekwisha kuonja kabla ya hapo. Wagiriama walikuwa wakikataa kodi na kazi za kulazimishwa tangu 1913, wakiongozwa na Mekatilili wa Menza pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Mekatilili alikamatwa akapelekwa mbali, Kisii, akatoroka akarudi. Agosti 1914, mwezi ule ule vita vya dunia vilipoanza, Waingereza walilipua Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kwa baruti, na mapigano yakazuka. Waliposhindwa, Wagiriama walitozwa faini na kutakiwa kutoa vijana wa kubeba mizigo ya vita. Ndiyo maana ukimwonyesha mzee wa Kigiriama maneno ya "mfalme na nchi" usishangae akicheka.

Kariakoo inahusiana na haya?

Ndiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni mahali palipokuwa kambi za Carrier Corps, na jina limebaki. Kuhusu Mwembe Tayari, simulizi za mjini ni kwamba chini ya mwembe uliokuwapo ndipo wapagazi na askari walikusanyika wakiwa tayari kwa safari. Wengine huirudisha nyuma zaidi, kwenye misafara ya pembe za ndovu. Kila mzee ana toleo lake, na kila mmoja ana hakika.

Na askari wa Kihindi?

Walikuwa wengi, na walikufa Tanga, Taveta, Salaita na kwingineko. Hawamo kwenye ukumbusho huu wa Mombasa. Wao na Waingereza wasio na makaburi wana ukumbusho mwingine kwenye makaburi ya Nairobi South, na kuna makaburi ya Wahindi Taveta na Maktau. Ukiwa na gari na siku mbili, safari ya Voi, Maktau na Taveta itakufunza zaidi kuliko siku nzima ya kusoma.

## Kuhusu majina

Mbona hakuna hata jina moja?

Kwa sababu iliamuliwa hivyo. Haikuwa bahati mbaya.

Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa kwa hati ya kifalme Mei 1917 na leo inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilianza na kanuni moja nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye kaburi au kwenye ukuta, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya kanuni ikafuatwa. Nenda Ufaransa au Ubelgiji utaona kuta zenye majina ya makumi ya maelfu, jenerali na kuruta kwa herufi zile zile.

Ilipofika Afrika Mashariki kanuni ikapindishwa. Maofisa wa kikoloni na wa Tume waliandikiana barua miaka ya 1920 wakakubaliana kwamba Waafrika, eti, hawajafikia kiwango cha kuthamini makaburi na mawe ya majina, na kwamba sanamu moja ya jumla mjini itatosha. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi porini. Hoja nyingine iliyotumika ni kwamba orodha hazikukamilika. Ni kweli kwa wapagazi wengi, lakini Keya walikuwa na nambari, karatasi na mishahara, na majina yao mengi yalijulikana. Nao pia hawakuchongwa.

Kisha, juu ya uamuzi huo, wakachonga ahadi kwamba wanao watalikumbuka jina lako. Wanao walilikumbuka, ndiyo. Familia nyingi hapa pwani zinalitaja mpaka leo kwenye dua na matambiko. Aliyeahidi ndiye hakuliandika. Kwa maoni yetu hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwalimu angewaambia wanafunzi wakiwa wamesimama mbele ya sanamu, kabla ya habari za Stevenson na Kipling.

Linganisha na Wavell, aliyeuawa pamoja na askari wake kwenye pori la Kwale. Ofisa ana jiwe lenye jina.

Ripoti ya 2021 ilisema nini?

Tarehe 22 Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ya kamati maalumu ikikiri haya. Iligundua kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka India, Afrika na Misri, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hata kufikia 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa kundi hilo la pili ni wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi, na siku hiyo hiyo waziri wa ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Tangu hapo Tume imekuwa ikitafuta majina kwenye nyaraka zilizoko Kenya na kwingineko, na kuzungumza na jamii kuhusu namna ya kukumbuka. Kuomba radhi baada ya miaka mia ni jambo dogo, lakini kufunguliwa kwa nyaraka ni jambo kubwa, maana sasa una mlango wa kubisha.

Babu yangu alikuwa Keya, au mpagazi. Nitamtafutaje?

Anza nyumbani. Uliza medali, cheti cha kuachishwa jeshi, kipande, picha. Medali ya Vita vya Kwanza ni hazina kwa sababu ukingoni imechongwa nambari, jina na kikosi. Ishike kwenye mwanga uizungushe polepole, usiisugue kwa brasso. Medali za Waingereza za Vita vya Pili kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo hizo peke yake hazithibitishi kitu.

Kisha ingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita, ambayo ina orodha ya waliokufa na kutafuta ni bure. Kumbuka orodha hiyo ni ya waliokufa. Aliyerudi hai hutamkuta humo. Jaribu tahajia zote: karani wa Kizungu aliandika alichosikia, hivyo Hamisi anaweza kuwa Khamis, Amisi au Hamis, na "bin" inaweza kuwapo au kukosekana. Wengine walijiandikisha kwa jina la utani au la kijiji.

Zaidi ya hapo kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, Nairobi, na hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, yenye kadi za medali na shajara za vikosi. Kwa mpagazi, kazi ni ngumu zaidi kwa sababu tulizoeleza hapo juu. Simulizi za familia zenye majina ya mahali na viongozi zina thamani, basi ziandike wakati wenye kuzijua wapo.

Je, familia zilipata mishahara ya waliokufa?

Wengi, hapana. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofariki haikuchukuliwa, ama kwa sababu jamaa hawakujulikana au hawakupewa habari. Watkins aliandika barua kwa miaka akitaka fedha zile zilipwe au zitumike kwa faida ya Waafrika, lakini London na Nairobi zikatupiana mpira mpaka jambo likafa. Jihadhari na mtu yeyote anayekupigia simu akidai kuna "fidia ya Keya" na anahitaji ada ya usajili. Hao ni matapeli.

## Maswali ya pembeni

Waliokufa Vita vya Pili vya Dunia wako hapa pia?

Ukumbusho huu ulijengwa kwa ajili ya vita vya kwanza. Wa vita vya pili waliokosa makaburi wameandikwa kwa majina, safari hii, kwenye East Africa Memorial iliyoko makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi.

Mombasa inao msiba wake humo. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka bandari yetu ikielekea Colombo, ikiwa imebeba askari, wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa karibu watu 1,300, zaidi ya nusu yao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki kilichokuwa njiani kwenda vita vya Burma. Pia kuna makaburi ya vita vyote viwili kisiwani, Mbaraki, yanayotunzwa vizuri.

Waafrika waliopigana upande wa Wajerumani, je?

Hawamo. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilitegemea askari na wapagazi Waafrika vile vile, nao wapagazi wake waliteseka sawa na hawa, na raia wa Tanganyika walionyang'anywa chakula na pande zote mbili walikufa wengi zaidi. Maneno ya ukumbusho yanataja waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Sura za shaba ndizo zisizo na upande, na msomaji akitaka kuwakumbuka wote hapo, hakuna wa kumzuia.

Na wanajeshi wetu wa KDF waliofia Somalia?

Hapana, hao wana siku yao, 14 Oktoba, siku ya Jeshi la Ulinzi la Kenya, na kumbukumbu zao kambini.

Kwa nini isiondolewe, ikiwa ni ya mkoloni?

Swali hili huletwa na vijana, na si la kupuuzwa. Lakini sanamu ya Wissmann iliyoangushwa Dar ilikuwa ya mtawala. Hii ni ya waliotawaliwa. Ukiiondoa, unamaliza kazi ya wale waliokataa kuandika majina. Kilichokosekana pale ni kibao cha kisasa, kwa Kiswahili cha leo, kinachoeleza nani alikusanywa, vipi, na wangapi hawakurudi.

Nani anaitunza, na nikiona imeharibiwa nimwambie nani?

Tume ya Makaburi ya Vita inayo kwenye orodha ya kumbukumbu zake. Ukiona imepakwa rangi, imebandikwa mabango ya wanasiasa au kuna kipande kimeng'olewa, piga picha, andika tarehe, uwapelekee Tume kupitia tovuti yao, na uijulishe ofisi ya Makumbusho ya Taifa iliyoko Fort Jesus. Usijaribu kuisafisha kwa sabuni ya unga au msasa. Ile rangi ya kijani juu ya shaba ni ngozi yake, ukiitoa unaidhuru.

Naweza kuweka shada la maua, au kusoma dua?

Unaweza. Wanaojumuika hufanya hivyo karibu na 11 Novemba. Ukija na kundi kubwa au darasa zima, arifu kaunti na polisi mapema kwa sababu ya barabara.

Naruhusiwa kuandika jina la babu yangu kwenye sanamu?

Kuchonga au kubandika, hapana. Lakini Tume hupokea maombi ya kuongeza jina la mtu aliyesahaulika kwenye kumbukumbu zake rasmi. Wanachohitaji ni ushahidi kwamba alifariki akiwa katika utumishi wa jeshi, au kwamba kifo chake baada ya kuachishwa kilitokana na utumishi huo, ndani ya miaka wanayoihesabu: kwa Vita vya Kwanza ni kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921. Ambatisha nakala, si karatasi asili, na eleza kwa sentensi chache jina lake kamili, tahajia nyingine unazozijua, kijiji chake, kikosi chake, na nani kwenu alikuwa wa mwisho kumwona.